Bunduki ya Kazi Zote Hupimwa kwa Risasi Dhaifu

Jamii ya wasema Kiswahili imekua katika miji ya Iowa, katikati ya Marekani. Wapo Wakongo na Warundi waliofika kama wakimbizi, wapo Watanzania na Wakenya waliofuata masomo na kazi, na sasa wapo vijana wao waliokulia pale, wenye leseni ya uwindaji mfukoni na wanaoyajua mashamba ya mahindi kuliko wazee wao. Hao ndio wanaouliza swali lililonirudisha kwenye miaka yangu ya kuwinda katika jimbo hilo: mtu mwenye fedha ya kununua shotigani moja tu, ile inayojikoki yenyewe, achukue ipi ili impigie njiwa Septemba, bata Novemba, kulungu Desemba na batamzinga Aprili? Wengi hutegemea kutajiwa jina la kampuni. Kwangu jina ni jambo la pili. La kwanza ni kwamba bunduki ya namna hii isichaguliwe kwa risasi kali kuliko zote utakazowahi kuitia, bali kwa ile dhaifu kuliko zote. Kila msimu wa mwindaji wa Iowa, ukiutazama vizuri, unatoa ushahidi wa jambo hilo, hata ule unaoonekana kulikanusha.

Bunduki inayojikoki haina chanzo kingine cha nguvu isipokuwa risasi yenyewe. Baruti ikishika moto, nguvu ile ile inayosukuma marisau nje ya mtutu ndiyo inayotakiwa kufungua chemba, kung'oa ganda tupu, kulitupa nje, kubana springi, kuinua risasi nyingine kutoka kwenye magazini na kuifungia mahali pake. Ni mshahara mmoja wenye wategemezi wengi, na ukipungua anayekosa ni yule wa mwisho kwenye foleni: ganda halitoki, au linatoka nusu na kubanwa na bolti. Sasa tazama hesabu. Risasi nyepesi ya njiwa ya geji 12 hubeba gramu 28 za marisau, nyingine 24 tu, kwa mwendo wa mita 365 hivi kwa sekunde. Risasi kubwa ya bata, yenye urefu wa inchi 3½, hubeba gramu 42 za chuma kwa mwendo wa mita 455 hivi. Zidisha uzito kwa mwendo, utaona kwamba ya pili inaisukuma bunduki karibu mara mbili ya ya kwanza. Fundi anayetaka bunduki moja izile zote mbili amebanwa pande mbili. Akiulegeza mtambo ili risasi ndogo iufungue, ile kubwa itaupondaponda; akiukaza ili uhimili kubwa, ndogo itashindwa. Historia ya bunduki hizi, kwa zaidi ya miaka mia moja, ni historia ya kuhangaika na pengo hilo.

John Moses Browning, fundi wa Ogden, Utah, ndiye aliyelishughulikia kwanza kwa mafanikio. Aliipata hataza ya bunduki yake mwaka 1900, akaipeleka Winchester, wakashindwana juu ya malipo kwa kila bunduki itakayouzwa. Akaenda Remington, na mkuu wa kampuni hiyo, Marcellus Hartley, akafa ghafla kwa ugonjwa wa moyo Januari 1902 wakati Browning akisubiri kuonana naye. Hatimaye bunduki ikatengenezwa Ubelgiji, katika kiwanda cha FN kule Herstal, ikaitwa Auto-5, na ikaendelea kuundwa mpaka mwaka 1998. Ndani yake mtutu wote hurudi nyuma pamoja na bolti baada ya mlio, na kasi hiyo hupunguzwa na kipande cha shaba nyeusi kinachosugua bomba la magazini, kikisaidiwa na pete ya chuma. Ukitaka kupiga risasi kali, pete huwekwa mbele ya springi, ukingo wake ulioinama ukiielekea ile shaba ili kuibana zaidi. Ukitaka kupiga nyepesi, pete huhamishiwa nyuma ya springi, ikakaa bila kazi. Pete ikisahauliwa nyuma na mtu akapiga risasi kali, mtutu hugonga kwa nguvu na mbao ya mbele hupasuka; ndiyo maana Auto-5 nyingi kuukuu zina ufa hapo, na mnunuzi mwenye busara huanza ukaguzi wake kwenye mbao hiyo. Ikisahauliwa mbele na mtu akapiga nyepesi, bunduki haijikoki. Browning hakujidai kwamba amelifuta pengo. Alimkabidhi mwindaji pete na kumwambia achague.

Washindani wake walilipa gharama ya kumkwepa. Winchester, wakiwa hawawezi kutumia mkono wa kukokia bolti kwa sababu ya hataza zake, walitoa bunduki ya mwaka 1911 ambayo ilikokiwa kwa kuusukuma mtutu wenyewe nyuma kwa mkono. Maganda ya wakati ule yalikuwa ya karatasi, nayo yakilowa huvimba na kukwama ndani ya chemba. Watu wakawa wanasimamisha kitako chini na kuusukuma mtutu kwa mikono miwili, mdomo ukiwaelekea usoni. Baadhi walikufa, na bunduki ikabaki na jina la mfanya wajane. Naikumbusha habari hii kwa sababu bado kuna wanaodhani kukwama ni kero tu. Bunduki iliyokwama humfanya mtu aanze kuishika mahali asipopaswa kuishika.

Msimu wa kwanza kwenye kalenda ni wa njiwa, ambao Iowa ilianza kuuruhusu mwaka 2011 na ambao hufunguliwa tarehe 1 Septemba. Ndio msimu wa joto, wa fulana, wa risasi za bei nafuu, na ndio unaoziumbua bunduki nyingi kuliko majira ya theluji. Hapo mtu anapiga maboksi kwa maboksi ya risasi zile za gramu 28 alizonunua zikiwa zimerundikwa mlangoni mwa duka, na bunduki iliyosifiwa kwa uwezo wa kupiga risasi kubwa kuliko zote inaanza kuacha maganda yakiwa yamesimama wima kwenye tundu la kutokea. Mfumo wa gesi ndio unaofaulu zaidi hapa. Katika mfumo huo mtutu una vitundu vidogo vinavyochepusha sehemu ya gesi ya baruti ili isukume pistoni. Remington 1100, iliyotoka mwaka 1963, ndiyo iliyoufanya mfumo huu uenee, na imeuzwa kwa mamilioni. Lakini hata yenyewe ililikubali pengo: mtutu wa risasi za kawaida za inchi 2¾ ulitobolewa vitundu viwili, ule wa inchi 3 ukatobolewa kimoja, kwa sababu risasi kubwa haihitaji kuchepusha gesi nyingi. Mwenye mtutu mmoja alikuwa na bunduki ya kazi moja. Ilipofika mwaka 1987 ndipo kampuni hiyo ikatoa modeli ya 11-87, yenye vali ya kutema gesi iliyozidi. Na kuna kijipete cha mpira kwenye bomba la magazini la 1100, chembamba kama uzi mnene, kinachozuia gesi isivuje. Kikikatika, bunduki yote inageuka kuwa ya risasi moja moja. Ni kitu cha bei ya soda, na wawindaji wa zamani hubeba cha akiba ndani ya kofia. Ninachokisoma hapo ni kwamba utegemevu una sehemu mbili, uwezo wa bunduki kuridhika na kidogo, na wepesi wa kuirudisha kazini inapogoma.

Novemba huleta bata, na hapo ndipo hoja yangu hupingwa kwa sauti kubwa. Tangu mwaka 1991 ni marufuku nchini Marekani kote kuwinda bata kwa risasi ya plumbu, kwa kuwa ndege walikuwa wakiokota marisau yaliyozama kwenye matope na kufa kwa sumu. Chuma kilichochukua nafasi yake ni chepesi: uzito wake ni kama gramu 7.9 kwa sentimita ya ujazo, wakati plumbu ina 11.3. Punje ya chuma hupoteza mwendo upesi, kwa hiyo mwindaji huchukua punje kubwa zaidi, na punje kubwa zinataka ganda refu. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa risasi ya inchi 3½ mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo muuzaji hukuambia kwamba bunduki yenye chemba fupi kuliko hiyo si ya kazi zote. Hoja yake ina mantiki, maana chemba ya inchi 3½ hupokea na zile fupi, wakati chemba fupi haipokei ndefu. Ila kupokea si kuendesha. Bolti ya bunduki hiyo ni ndefu na nzito zaidi, safari yake nyuma ni ndefu zaidi, na yote hayo yanalipiwa na risasi ile ile ndogo ya Septemba. Mafundi wamejitahidi. Remington Versa Max ya mwaka 2010 ilitoboa vitundu saba ndani ya chemba yenyewe, ili ganda fupi liviache wazi vyote na ganda refu lizibe baadhi, lenyewe likijipimia gesi. Huo ni ufundi wa kuvutia, pengine jibu zuri kuliko yote tangu pete ya Browning. Lakini bunduki hiyo ni nzito, na uzito wake utaujua Desemba.

Kinamasi pia ndicho nyumba ya mfumo wa pili, ule wa inesha, uliobuniwa na Bruno Civolani na kufanywa maarufu na Benelli, kampuni iliyoanzishwa Urbino, Italia, mwaka 1967. Hapa hakuna gesi inayochepushwa. Bunduki nzima inaporudi nyuma, kipande kizito cha bolti huchelewa kuondoka mahali pake na kuibana springi fupi nene iliyo mbele yake. Springi ikijikunjua, hukirusha nyuma na kichwa cha bolti kinazunguka na kufunguka. Masizi hutoka na moshi kupitia mdomo wa mtutu, hivyo mtambo hubaki msafi, na wawindaji wa bata wanaolala na bunduki yenye matope huipenda kwa haki kabisa. Lakini mfumo huu unaitaka bunduki isogee, na risasi dhaifu ndiyo inayoisogeza kidogo. Ifungie taa na mkanda wa risasi ubavuni, au iegemeze kwenye gogo, na utaanza kuona ikishindwa. Una pia ugonjwa wake maalumu: ukiirudisha bolti taratibu ili usiwashtue ndege, au kitako kikigongwa chini kwenye mashua, kichwa cha bolti huzunguka kidogo tu nje ya kufuli lake, kiasi ambacho jicho halioni gizani. Bata wanaingia, triga inavutwa, na kinachosikika ni mlio mkavu wa nyundo. Benelli wenyewe waliweka dawa ya tatizo hilo katika toleo la tatu la Super Black Eagle, mwaka 2017. Anayewinda bata peke yake sina sababu ya kumkataza bunduki hii. Swali letu lilikuwa la bunduki ya kazi zote.

Desemba ni mwezi wa kutembea. Fezanti, ndege wa asili ya Asia aliyefanya mashamba ya Iowa kuwa kwao, humlazimu mtu akate nyasi ndefu kilomita nyingi, na kilo 3.6 mkononi zikifika saa nane mchana si zile za saa mbili asubuhi. Inesha hushinda kwa wepesi, kwani nyingi hazifiki au hazizidi sana kilo 3. Kinyume chake, bunduki nyepesi hupiga teke kali zaidi, na katika msimu wa kulungu, inapotiwa risasi ya kipande kimoja cha plumbu cha gramu 28 au zaidi, teke hilo humfanya mtu afumbe macho kabla ya kuvuta triga. Gesi hulitawanya teke katika muda mrefu kidogo, na bega hulihisi kama msukumo badala ya kofi. Baridi nayo ina somo lake, nalo halihusiani na jina la kampuni. Mafuta mazito ya kiwandani huganda kwenye reli za bolti, na bolti inayotambaa haifungi. Watu hulaumu bunduki wakati kosa ni la grisi. Bunduki ya Desemba inataka kukaushwa, kisha tone moja moja la oili nyembamba kwenye reli. Mfumo wa gesi unadai usafi zaidi, sikatai, lakini mtu anayepiga maboksi machache kwa msimu ataufuta kwa nusu saa jioni moja na kumaliza kazi.

Msimu wa mwisho ni wa batamzinga, Aprili, ambapo risasi huwa moja au mbili kwa asubuhi na kila kitu ni mtawanyiko wa marisau kwenye shingo ya ndege. Kwa miaka mingi huu ndio uliokuwa utetezi wa mwisho wa inchi 3½: ganda lenye gramu 57 za plumbu. Utetezi huo umefia kwenye maabara ya metali. Marisau ya tangsteni yenye uzito wa gramu 18 kwa sentimita ya ujazo yamewezesha hata geji 20, na hata bunduki ndogo kuliko hiyo, kufanya kazi iliyodhaniwa kuwa ya mizinga. Bei yake inaumiza, lakini mtu anayepiga risasi mbili kwa mwaka anaweza kuivumilia kuliko bei ya bunduki yenye chemba asiyoihitaji. Kwa bata pia, risasi za chuma za inchi 3, gramu 35 kwa mwendo wa zaidi ya mita 425, pamoja na bismuthi, zimeziba sehemu kubwa ya pengo lililowahi kuwepo.

Kuna pingamizi zito zaidi ya hayo yote: kwa nini inayojikoki? Sheria ya shirikisho, tangu mwaka 1935, hairuhusu zaidi ya risasi tatu ndani ya bunduki mtu anapowinda ndege wahamao, ndiyo maana bunduki mpya huja na kijiti ndani ya bomba la magazini. Ikiwa ni risasi tatu tu, bunduki ya kukokiwa kwa mkono, kama Remington 870 iliyoanza mwaka 1950, itazipiga zote tatu, ikila kila aina ya risasi bila kujali udhaifu wake, kwa bei ya chini. Hoja hii ni ya kweli mpaka pale inaposahau mkono. Bunduki ya mkono hutegemewa kadiri mkono unavyotegemewa, na mkono uliovaa glavu, ndani ya kibanda chembamba, ndege akipita upande usiozoeleka, huivuta nusu na kuirudisha, na risasi ya pili haimo. Kukwama kwa namna hiyo hakuandikwi kwenye sifa za bunduki, huandikwa kwenye uzembe wa mtu, lakini bata amekwenda vilevile. Kwa mwenye uwezo mdogo kabisa ningesema achukue ya mkono bila aibu. Kwa mwenye mwili mwepesi, au bega bovu, gesi ina faida ambayo ya mkono haitaipata kamwe.

Basi nikibanwa nitoe sura ya bunduki yenyewe, ni geji 12 ya gesi, chemba ya inchi 3, mtutu wa inchi 26 au 28 wenye choki za kubadilisha, uzito wa kati ya kilo 3.2 na 3.4. Beretta A300 na Winchester SX4 zenye chemba hiyo ni za ukoo huu, na zipo nyingine. Madukani pia zimejaa za Uturuki, nyingi zikitoka eneo la Beyşehir, mkoani Konya, baadhi kwa nusu ya bei. Hazistahili dharau zinayopewa, maana kuna viwanda huko vinavyotengeneza kwa majina makubwa ya Marekani. Ninachouliza ni spea: modeli hii itakuwa na springi na kiondoa ganda miaka kumi ijayo? Remington ilipofilisika mwaka 2020 na kuuzwa vipande vipande, wenye 1100 hawakuteseka sana kwa sababu bunduki yao imeenea mno na wapo wengine wanaotengeneza vipuri vyake. Mwenye modeli iliyouzwa misimu miwili na kutoweka hana kinga hiyo. Kitako nacho kipimwe kwa koti la Desemba, kwani kinachofaa bega la fulana huwa kirefu juu ya koti nene, na bunduki bora kuliko zote haimpati ndege ikinasa kwapani.

Upande wa karatasi, Iowa humtaka kila aliyezaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1972 awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Mkazi wa kudumu na mkimbizi aliyepokelewa kisheria wanaweza kununua kama raia, wakijaza fomu ya shirikisho kwa muuzaji mwenye leseni. Mwenye viza ya muda ana masharti tofauti, na leseni ya uwindaji ni mojawapo ya mambo yanayomfungulia mlango. Bunduki ikishafika nyumbani, ifutwe mafuta ya kiwandani yote, itiwe oili nyembamba, kisha ipelekwe uwanja wa shabaha mapema, Julai, na maboksi manne ya risasi dhaifu kuliko zote utakazotumia mwaka huo, zile za gramu 24 zikipatikana. Maboksi mawili ya kwanza yaizoeshe tu. Mawili ya mwisho yahesabiwe, kijiti cha magazini kikiwa ndani, ukisimama, ukiinama, na ukipiga haraka risasi tatu mfululizo. Ikikwama hapo, bado kuna muda wa kuirudisha dukani kabla njiwa hawajafunguliwa.